Shali ya Mwisho ya Ustadh Sonaullah

Tarehe 30 Aprili, Inshallah, Ustadh Sonaullah Wani ataweka sindano chini baada ya miaka arobaini na mmoja katika karakana yetu ya kutarizi shali hapa Srinagar. Alipaswa kutuaga tangu Februari. Aliyemchelewesha ni dobi.

Aliingia hapa hajui hata kutunga uzi. Leo mabibi harusi huagiza maua yake ya mlozi kwa kumtaja jina. Sisi tuliokaa naye mkeka mmoja tunamjua kwa mengine pia, kama ile asubuhi aliyotupekulisha karakana nzima tukitafuta sindano, kumbe kaichomeka kofiani. "Na nyie mnaniangalia tu kama harusi!" akatulaumu.

Shali yake ya mwisho ilikuwa ya bibi harusi wa Sopore. Nusu ya maua ilikuwa imekwisha kutariziwa, ndipo Gulla, dobi wetu, akaichukua kimakosa pamoja na zilizokamilika, akaifua mtoni. Mchoro wa kumwongoza mshonaji, uliopigwa kwa vibao vya nakshi, ukafutika wote. Kuupiga upya hakufai, kwani hauwezi tena kuoana na maua yaliyokwisha kushonwa.

Haji Nisar, mwajiri wetu, akaogopa harusi itafika shali haipo. Akataka wenye mashine waimalizie. "Nani atajua, Ustadh?"

"Upande wa nyuma utajua, Haji. Mashine huacha nyuzi ovyo kule; mkono hushona pande zote sawa. Na Mwenyezi Mungu anaona."

Gulla alikuwa analia. Ustadh akamwambia, "Nyamaza bwana, utanifulia na kanzu hii kwa machozi."

Kisha akaanza. Alishona bila mstari wa kumwongoza, akipima kwa kidole kutoka ua hadi ua, na alipokosea alifumua. Macho yakimsumbua, alisogea dirishani na chungu chake cha makaa ya kujipasha moto chini ya kanzu, chai ya chumvi ikimpoelea pembeni. Siku ya kustaafu ikasogezwa, ikasogezwa tena. Yeye hakusogea.

Juzi alikata uzi wa mwisho. Gulla akaifua, safari hii kwa ruhusa. Mama wa bibi harusi alipokuja kuichukua, harusi ikiwa bado, akaigeuza, akaigeuza tena, mwishowe akatuuliza upande wa kuvaliwa ni upi. Haji Nisar akajifanya anafuta miwani.

Ustadh wetu, ahsante kwa kutukatalia njia ya mkato. Mwenyezi Mungu akujaalie macho mepesi, chai ya moto na uzee mwema kama shali zako, usio na upande wa kuficha.