Swali Alilolifunga Bwana Andika-Yote

Ndugu waombolezaji, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, na shemeji yangu, mjane wa marehemu, ameniomba niyasome maneno haya yote bila kuruka kitu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, sekondari hadi 1988, kisha chuo cha ufundi, ambako aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza, na mama alizoea kusema kwamba hapo ndipo alipompoteza mwanawe angali amekaa naye mezani.

Tarehe 3 Februari 1994 aliajiriwa na ofisi ya maji kuandika programu za mita, akaitumikia mpaka ugonjwa ulipomtoa. Alifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili, ambao mnawaona hapa mbele.

Mwaka 2009 alianzisha jukwaa la mtandaoni la watu wanaojifunza kuandika programu, na huko ndiko wengi wenu mlikomjua kwa jina la Bwana Andika-Yote. Aliwataka wageni watafute kwanza kama swali limeshajibiwa, waeleze walichotarajia na kilichotokea, wanakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, wabandike programu yenyewe wala si picha yake, wasiandike "haraka", na wakishasaidiwa warudi kusema kilichowasaidia. Zilikuwa kanuni nzuri, na wapo humu waliopata kazi kwa sababu yake. Aliyezivunja, swali lake lilifungwa.

Tarehe 6 Machi mwaka jana liliingia swali, "Jamani nisaidieni haraka, majina yanahama," na chini yake picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, nusu yake imemezwa na mwanga wa dirisha. Baada ya dakika nne alilifunga, akaandika, "Soma kanuni, kisha rudi." Aliyeuliza hakurudi.

Mwezi Juni miguu yake ilianza kuvimba, tarehe 9 akapima damu hospitalini, karatasi ikasema figo ni nzima, akatutania kwamba atatuzika sote. Tarehe 2 Novemba alianguka kazini, na madaktari wa hospitali hiyohiyo wakakuta figo zote mbili zimechoka. Akiwa wodini aliomba ile karatasi ya Juni, akaona kundi la damu lililoandikwa si lake, naye amechangia damu miaka kumi na mitano, akaomba aitwe aliyeandika programu ya maabara.

Alikuja karani wa maabara, dada aliyejifundisha mwenyewe, akaeleza kwamba programu yake, iliyoanza kutumika Machi, iliweka majina katika orodha moja na majibu katika nyingine, na jina moja likifutwa, yote ya chini yake hupanda nafasi moja, majibu yakabaki palepale.

"Niliuliza kwenye jukwaa, baba, wakanifungia," alisema. "Nikaona aibu kuuliza tena, na bosi akaniambia mbona inachapa vizuri."

Kaka aliomba simu yake, akayasoma maneno yake mwenyewe, kisha akasema, "Kaa, mwanangu. Nieleze upya, vyovyote utakavyoweza."

Tarehe 11 Desemba alilifungua swali lile, akalijibu kwa siku tatu, akiandika kwa kidole kimoja, na kosa likarekebishwa. Alifariki tarehe 18 Januari, saa mbili na robo asubuhi. Familia haimlaumu mtu, na dada huyo yuko nasi, amekaa na mabinti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliotuletea viti tangu juzi, wenzake wa ofisi ya maji, na wanajukwaa waliosafiri kuja kumwona kwa mara ya kwanza.

Limebaki agizo lake. Programu imepona, lakini karatasi zilizotoka kati ya Machi na Desemba zimo kwenye droo za watu, na hakuna anayejua jina lipi lilifutwa siku ipi. Aliyepimwa pale akaambiwa ni mzima, arudi akapimwe. Kaka alianza kuwaandika aliowajua kuwa walipimwa pale, orodha iko mezani hapo mlangoni, na wengi walioandikwa humo wameketi hapa, wananisikiliza.

Pumzika, kaka. Sisi tunakwenda kupima.