Mahali Ilipobaki Roho ya Yia

Sogeeni, wanangu. Pheng, zima hiyo televisheni. Dia, mlete baba yenu mdogo Yia akae hapa miguuni pangu, maana haya yanamhusu, na nikifa kabla ya kuyasema nitakuwa nimemuua.

Nyumba hii ya hapa Saint Paul, Marekani, mmeshaelewana, sina neno. Mimi nawaachia aibu, nayo haigawanyiki.

Mnanijua kwa mdomo. Kila mwaka mpya wetu wa Kihmong, watu wakishashiba nguruwe na wali wa kunata, hunijia wenyewe: "Mzee Cheu, tupe mto." Nami nawapa Mekong, jinsi nilivyouvuka nikikimbia kutoka Laos, kijana wa miaka kumi na sita, nimembeba Yia wa miaka tisa mgongoni kama kiroba cha mchele, risasi zinanipapasa masikio. Marehemu mama yenu alikuwa akinitania, "Mwaka jana mto ulikuwa mwembamba kidogo, baba Pheng." Watu hoi kwa kicheko, nami naupanua tena.

Kisha, miaka ishirini iliyopita, basi likateleza kwenye barafu, Yia yumo. Alitoka bila mkwaruzo, lakini tangu siku ile akawa mtu wa kukaa kitini, haogi, hali mpaka alishwe, na daraja havuki hata umwahidi nini. Tukamwita Bibi Chao, mwita roho, akaniuliza swali moja: "Roho yake ilishtukia wapi? Nisipopataja mahali, itanisikiaje?" Nikamwambia, kituo cha basi. Akaenda akaiita kwenye theluji, na kuku, na yai, na ubani, mara tatu, na mara zote tatu miguu ya kuku ilijikunja vibaya, ndiyo ishara kwamba roho haijarudi. Hospitalini daktari naye, yule mama, akauliza lilelile: kabla ya ajali, hakuna kilichowahi kumtisha? Mkalimani nilikuwa nimemkataa, ni wa ukoo mwingine, angetutangaza. Nikajibu mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kiwandani, nikampa kiroba cha mchele. Yia akanitazama. Akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, kaka alinibeba."

Sikumbeba, wanangu. Fungu la mianzi ya kuelea lilikuwa moja, nikajifunga mimi. Akanifuata majini alfajiri ile, akanishika kifundo cha mguu, nami nikampiga teke la uso, nikampiga la pili, mpaka vidole vikaachia. Mtu nisiyemjua ndiye aliyemwopoa, akanikabidhi ng'ambo: "Mdogo wako huyu." Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha maradhi ya mwenzangu miaka ishirini ili hadithi yangu isipungue. Bibi Chao hakushindwa, wala daktari hakushindwa. Walitafuta pale nilipowaonyesha.

Sasa nikifa, mwonyesha njia, yule anayemwimbia maiti, atanirudisha mahali kwa mahali hadi nilikozaliwa, na hana budi kunipitisha ukingo ule. Roho ya Yia iko pale, ingali na miaka tisa. Ikiniona itanifuata tena, na safari hii ni ya kaburini. Basi msingoje. Pheng, mpigie Bibi Chao aje leo, ningali napumua. Mtajie mto, mtajie na teke. Dia, kesho mpeleke Yia kwa daktari, umweleze hivyohivyo, usinipambe. Na mwaka mpya wakiomba mto, wapeni huu.

Leteni mikono niwafunge uzi wa baraka... vidole vimekataa. Dia, nifungie wewe. Muwe wazima. Mzae. Jisifuni, siwakatazi, lakini kwa mliyoyatenda.

Fungueni mlango, baridi iingie tu, roho isikute pamefungwa... Yia, mdogo wangu, usiniitikie "kweli" tena...

Nani huyo... kifundoni...

Acha, Pheng. Usimtoe. Mwache ashike.