Mwalimu Kasika, Aliyefundisha Mishipa Kutoogopa Chuma

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha michezo katika shule yetu hapa Butembo, Mwalimu Éliakim Kasika anastaafu tarehe 30 Juni. Vijana wake wameinua vyuma vizito mno. Yeye mwenyewe hatujawahi kumwona akiinua kitu kinachozidi kikombe cha chai.

Alianza na ekseli ya lori lililokufa njia ya Kirumba, akaitia magurudumu ya saruji, akatangaza kwamba mwenye kuinua si msuli bali mishipa ya fahamu. Msuli ni mtumishi, alisema. Mishipa ikiogopa, amri haitoki. Kwa hiyo mwanafunzi aliwekewa mabegani uzito unaomzidi, akasimama nao bila kupinda magoti, akautua. Kitendo hicho Mwalimu alikiita kuusalimia uzito. Kisha mwanafunzi aliinua mara moja tu, kwa nguvu zote, ule anaouweza, akaenda kukaa kwenye benchi. Kuchoka kulikatazwa. Préfet mmoja, mkuu wa shule aliyekuwa mgeni kwetu, alichungulia, akakuta vijana wamekaa kimya, akadhani ni kikundi cha maombi. Alifunga mlango taratibu.

Mbinu hiyo ilituletea vikombe vitano, na Mwalimu hakushuhudia hata kimoja kikipatikana. Bingwa huyu wa mishipa tulivu hakuweza kumtazama mwanafunzi wake akiinua. Jina likiitwa tu, alikumbuka kwamba pikipiki zetu huko nje hazina mlinzi. Kweli, hakuna iliyowahi kuibiwa.

Mashindano ya mwezi uliopita, kule Beni, yalikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuona. Victoire Kavugho wa mwaka wa tano aliitwa, Mwalimu akatoka. Victoire akasimama mbele ya chuma, mikono mgongoni. Mwamuzi akamwonya kwamba dakika yake inakwisha na zamu itapotea.

"Kama Mwalimu haingie, mimi sigushe hii chuma," akasema, bila kupaza sauti.

Wenzake walikimbia kumleta. Akaingia, akashikilia nguzo ya mlango. Victoire akainama, akashika. Chuma kikapanda, kikatulia juu. Mwalimu aliona yote, kisha akaomba benchi.

Asante, Mwalimu. Ulitufundisha kwamba uzito husalimiwa kabla ya kuinuliwa, ndiyo maana tunaandika haya mapema, tuzoee kuondoka kwako. Maisha yako yawe mema, na upumzike kama ulivyotuamuru sisi. Pikipiki tutazilinda.