Mwalimu Dorotea Malimi Analikabidhi Darasa la Wanaoanza

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika chuo chetu hapa Mkolani, Mwalimu Dorotea Malimi atastaafu tarehe 30 Juni 2026, akiwa na umri wa miaka sitini. Amechoka, na ameomba jambo hilo lisifichwe katika wasifu huu.

Aliajiriwa mwaka 1992 kufundisha upigaji chapa. Kompyuta zilipokuja, alijifunza kompyuta. Mwaka 2015 akapewa darasa la wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya Python, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka.

Sababu inaeleweka. Wiki nzima ya kwanza ni ya kigeu, yaani jina ambalo kompyuta hulitumia kutunzia thamani. Mwalimu Dorotea aliandika ubaoni samaki = 12, na chini yake samaki = 8, kisha akauliza samaki sasa ni wangapi. Kila muhula nusu ya darasa ilijibu ishirini. Alifuta ubao, akaeleza upya kwamba thamani mpya huiondoa ya zamani. Hakuwahi kumwita mwanafunzi mjinga, ingawa ofisini tulimsikia akishusha pumzi kabla hajaketi.

Mwaka 2018 wanafunzi wake waliandika programu ya kupiga kengele ya umeme ya chuo. Mmoja wao, Kija Luhaga, aliandika saa_ya_kutoka = 9, akikusudia saa tisa alasiri. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, hivyo tisa yake ni saa tatu yetu ya asubuhi. Saa tatu kamili kengele ililia, na chuo kizima kikachukua mabegi na kwenda nyumbani kwa utii mkubwa. Mpishi alibaki na sufuria mbili za maharage.

Mkuu wa Chuo wa wakati huo, Bwana Salehe, hakucheka. Alitaka darasa lifungwe.

"Mwalimu, watu wako hata kusoma saa hawajui!"

"Kusoma saa wanajua, Mkuu. Kosa ni langu. Sikuwaambia kwamba kompyuta haihesabu kama sisi. Nipe wiki moja."

Alipewa, kwa masharti mawili: kengele isikosee hata mara moja, na darasa likiendelea, alisimamie yeye mwenyewe. Kija akaongeza kigeu cha pili, cha saa ya kompyuta, kinachopatikana kwa kujumlisha sita. Tisa ikawa kumi na tano. Wiki ile kengele haikukosea.

Darasa likapona, naye Mwalimu Dorotea akafungwa nalo. Alipotimiza miaka hamsini na mitano angeweza kustaafu kwa hiari, lakini uongozi ulimweleza wazi kwamba akiondoka bila mrithi, darasa litafutwa. Akabaki. Kija aliporudi chuoni kufundisha madarasa ya juu, Mwalimu Dorotea alimwomba alichukue darasa la wanaoanza.

"Shikamoo, Mwalimu. Niombe kingine chochote. Wiki ile ya kwanza itanimaliza."

"Marahaba. Mimi je, unaona imenibakiza?"

Kija alikataa mara mbili. Mwaka huu, mara ya tatu, alikubali kujaribu siku moja.

Jumatatu iliyopita Kija alisimama mbele ya wanafunzi ishirini na sita. Hadiya, muuza dagaa mwenye umri wa kumzaa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimeingiza ndoo tano na ndoo tatu. Inaniambia nina ndoo hamsini na tatu. Ningekuwa nazo ningekuja hapa?"

Darasa likacheka. Kija akaeleza kwamba kompyuta hupokea kila kinachochapwa kama maandishi, ikayabandika pamoja, mpaka iambiwe kuwa ni namba.

"Sijaelewa, baba."

Akaeleza tena.

"Bado."

Kija alifuta ubao wote, akaanza mwanzo kwa sauti ileile. Nje ya dirisha Mwalimu Dorotea alikuwa akisikiliza. Hakungoja Hadiya aelewe. Alikwenda ofisini, akachukua ratiba ya Julai, akaandika jina la Kija kwa wino.

Mwalimu Dorotea, tunakushukuru kwa darasa ambalo sisi wengine tulilikwepa. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi nyingi ambazo hutakuwa na lolote la kumweleza mtu yeyote.