Risala ya Watu wa Jumamosi kuhusu Mama Aliyengoja Nje

Mgeni rasmi, Bi Uwineza kutoka ofisi ya wilaya; mwenyekiti wetu na mwenye kiwanda hiki, Mzee Kabera; jamaa na majirani wa Nyakabanda:

Makaribisho

Karibu sana, mama. Umekikuta kiwanda cha cherehani, na viti havifanani. Sisi tulio mbele yako ni watu tulioshindwa na pombe, ambao kila Jumamosi tunakutana hapa kuambiana ukweli kwa Kiswahili. Wengine ni Wanyarwanda, wengine tumetoka Tanzania na Kenya kwa biashara. Tumeombwa tueleze historia yetu. Tumeona tueleze ya mmoja wetu, Munyakazi, fundi nguo. Ametupa ruhusa ya kumtaja, maana mtaa mzima ulimjua kwa ulevi kabla yetu.

Tulikotoka

Munyakazi alipofiwa na baba yake, alifika mazikoni amelewa chakari. Jamaa walimshika mabega wakamweka kando, na mzee akashushwa kaburini na watoto wa watu. Tangu hapo alikunywa ili asikumbuke, na alipolewa ndipo alipokumbuka zaidi.

Mama yake, mukecuru, yaani bibi kizee wa watu, ndiye aliyetoka kumtafutia kikundi. Alimsindikiza kila mahali kwa miguu. "Nikimuacha peke yake," alisema, "miguu yake inajua baa zote."

Walianzia Gatsata, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wale walikuwa wema, lakini walifungua kwa nyimbo na sala. Munyakazi ni Mwislamu. Alikaa akitazama mlango, akihofia nyumbani wataambiwa ameritadi. Wakapanda Kiyovu, kwenye jumba moja lenye bustani. Huko walizungumza Kiingereza. Alipewa kahawa nzuri, akarudi na hiyo kahawa tu tumboni, neno hakuambulia.

Ndipo wakabisha hapa. Mukecuru alichungulia ndani, akauliza, "Hapa munaongea nini, Mungu ao pombe?"

Mzee Kabera akamjibu, "Pombe, mama. Mungu kila mtu anakuja na wake."

"Basi ni hapa," akasema, akamsukuma mwanawe ndani.

Yeye akabaki nje, kwenye ngazi. Tulimkaribisha, akakataa katakata: "Akiniona hatasema kweli. Mumuache aseme."

Changamoto

Mgeni rasmi, kiwanda hiki hakina baraza. Anayemleta mtu wake hukaa juani au mvuani.

Munyakazi alikuja Jumamosi nyingi bila kufungua kinywa. Siku aliyokifungua, mvua ya masika ilikuwa ikipiga bati hata tukasogeza viti ili tumsikie. Alisema habari za mazishi ya baba yake. Alisema mikono ya wale jamaa bado anaisikia mabegani. Alilia kama mtoto, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Tulipofungua mlango, mukecuru alikuwa pale pale ngazini, kitenge kimemganda mwilini.

"Mama, mbona hukugonga?" Munyakazi aliuliza.

"Nilisikia sauti yako," akasema. "Nikaona nikigonga utanyamaza."

Mvua ile ikamwingia mukecuru, kifua kikambana. Hospitalini walisema ni homa ya mapafu, wakajitahidi sana. Lakini mwili ulikuwa umechoka, na Mungu akamchukua.

Mafanikio

Utatuwia radhi, mgeni rasmi, kwamba fanikio letu kubwa ni maziko.

Munyakazi alibeba jeneza la mama yake begani. Walipofika makaburini, jamaa walimtazama, wakatazamana. Mjomba wake akamsogelea, akamnusa waziwazi mbele ya umati. Kisha akarudi nyuma, akampisha. Munyakazi akashuka kaburini akiwa na akili zake, akampokea mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza.

Njiani kurudi, rafiki zake wa zamani walikuwa wakimngoja, na pole yao imo chupani. Aliwapita. Alikuja moja kwa moja hapa, na haikuwa Jumamosi. Mzee Kabera akaweka pasi chini. Munyakazi akaketi, akasema, "Mzee, leo nje hakuna mutu."

Kabera akafunga kiwanda, wakakaa pamoja hadi jioni.

Mpaka leo hajarudia pombe. Furaha, hata hivyo, hatujaiona usoni pake, nasi hatutakudanganya kwamba ipo.

Maombi

Tunaomba chumba chenye baraza na benchi, ili wanaotuleta wapate pa kujisitiri. Tunaomba vituo vya afya viwaambie watu kwamba kikundi cha Kiswahili kipo, mama mwingine asizunguke mji kubisha milango. Tena tunakuomba, ukitoka, uwasalimie wake, mama na dada walioketi kwenye ngazi sasa hivi. Wametusikia tukisoma. Hawajazoea kusalimiwa.

Hitimisho

Tulimwomba Munyakazi asome risala hii. Alijaribu, akashindwa kulitamka jina la mama yake mbele za watu. Basi tunalitamka sisi: aliitwa Nyirahabimana.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, akulinde wewe na nyumba yako, na awape nguvu wote wanaongoja nje ya milango.

Ni sisi, Watu wa Jumamosi, Nyakabanda.

Imesomwa na Jovina, katibu.