Programu Nyepesi na Programu Nzito

Mtunza dawa wa hospitali alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa watengeneza programu wawili waliobishana tangu treni iondoke. Asubuhi hiyo walikuwa wanakwenda kuonyesha programu ya dozi hospitalini kwake, na kupata au kukosa kazi kulitegemea ipi kati ya zao mbili wangeichagua kuionyesha.

“Yako nzito, kaka, inafunguka kwa kujivuta,” alisema mwanamke. “Yangu nyepesi. Ukigusa dozi za watoto, mtandao unakuletea ukurasa wake papo hapo.”

“Yangu imebeba kila kitu tangu mwanzo. Wewe, dada, unaingia bafuni ukitumaini sabuni itakufuata!”

“Na wewe unasafiri siku moja na kabati zima mgongoni!”

Mtunza dawa akauma mdomo asicheke. “Samahani, wanangu, mtaionyeshea chumba gani?”

“Stoo ya dawa, mama, kule chini ya jengo.”

Ni stoo yake. Humo simu haishiki mtandao kabisa. Anayetaka kupiga hupanda ngazi hadi uani.

“Haya, kila la heri,” alisema. Treni ikasimama, wenyewe bado wanavutana. Akashuka upesi, akawaite wenzake waje kutazama.