Mama Phelesia, Makapu Tisa na Wavu wa Goli

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 1997, Mama Phelesia Akeyo anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwa matroni wa shule yetu hapa Rangwe. Mwalimu mkuu alitaka mtu mwingine aandike wasifu huu. Mama mwenyewe akasema aandike Maroa, mwalimu wa michezo, ndiye mimi. Anajua kwamba namwonea wivu, na sitaficha.

Hakuna mtoto aliyelala na homa bila Mama kukaa kando ya kitanda chake. Kwa usafi alikuwa mkali. Hata mimi niliwahi kurudishwa mlangoni mwa bweni kwa sababu ya viatu vyenye tope. Hayo nayasifu bila shida. Shida ni sahani.

Mwaka 1991 mgeni aliyefundisha hapa muhula mmoja alituachia sahani sita za plastiki za kurusha, pamoja na picha ya kapu la chuma lenye minyororo, ambalo kwao hulengwa kwa sahani hizo. Kapu lenyewe hatukuwa nalo. Mama akaitazama picha, akaenda kwake, akarudi na beseni lililotoboka. Alisimamisha mti ndani ya debe la kokoto, akapigilia beseni katikati, juu akafunga ringi ya baiskeli ya marehemu mumewe, kisha akaning'iniza vizibo vya soda alivyovitunga kwenye waya. Sahani ikigonga vizibo inaishiwa nguvu, inadondokea beseni.

Mwaka uliofuata makapu yalikuwa tisa, kutoka jikoni hadi kisimani: karai, ungo, hata kikapu cha nguo chafu. Watoto wakaniacha. Kati ya wachezaji wangu ishirini na wawili wa mpira nilibaki na saba, na kipa wangu Joash nilimkuta kisimani akihesabu mitupo. Iliniuma sana. Nikatengeneza kapu langu, nikanunua mnyororo wa chuma, nikaukaza sawasawa. Kila sahani iliruka nje.

Kapu la tisa ndilo watoto walilipenda kuliko yote. Badala ya vizibo lilikuwa na wavu uliolegea. Ilinichukua miezi kutambua kwamba ni wavu wa goli langu, ule niliotupa jalalani ulipochanika. Sikumwambia mtu. Nikawa naamka alfajiri, kabla ya kengele, kwenda kulitupia. Miaka mitano sasa, na sahani zilizoingia zinahesabika.

Jumatatu Mama alianza kufungua makapu, maana vyombo ni vyake na anahamia kwa dada yake kwenye kisiwa cha Takawiri. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja, siwadanganyi. Nikasimama kando nikitazama uwanja ukibaki mtupu, wala sikufurahi kama nilivyotarajia. Alipofika kwenye kapu la tisa, akalipita. Akaniambia hilo ni langu, kwa kuwa wavu ulikuwa wangu tangu mwanzo. Akaongeza kwamba niache kutupa kama mtu anayefukuza kunguru shambani. Ameniona kila alfajiri kutoka dirisha la bweni, na amechoka kujizuia kucheka.

Basi limebaki kapu moja, na tangu jana watoto wananiuliza mengine manane yatatoka wapi. Nimeomba beseni nyumbani. Mke wangu Bhoke bado hajajibu.

Mama Phelesia, asante kwa miaka yote hiyo. Nenda salama, ule samaki wa ziwani, upumzike. Tunakuombea kila la heri, ila tafadhali usianzishe timu huko kisiwani kabla sijajua kutupa.